Kupiga Gitaa na Kulijua

Katika nchi ya Kilosa, toka mjini penye mto Mkondoa mpaka Mikumi iliyo kando ya barabara kuu iendayo Iringa, kijana mwenye gitaa hana upungufu wa rafiki. Akikaa kibarazani jioni, watoto humzunguka. Akienda arusini, hupewa kiti. Lakini ukimwuliza kwa nini uzi wa tatu hausikilizani na uzi wa pili, hutikisa kichwa. Na ukimwuliza mbona shingo ya gitaa imepinda, hujibu kwamba gitaa limezeeka. Gitaa lenyewe lina umri wa miaka miwili.

Watu wengi hudhani ya kuwa kujua gitaa ni kupeleka vidole upesi. Sivyo. Mwenye kujua gitaa hujua mambo matatu: kulipiga, kufahamu sauti zake zatoka wapi, na kulitunza lisife mikononi mwake. Ajuaye la kwanza tu ni kama mtu aendeshaye baiskeli asiyeweza kuziba pancha. Mwiba mmoja humwacha njiani.

Wako wazee wasemao kwamba gitaa ni chombo cha walevi, na mtoto wa shule asilishike kabisa. Ni kweli kwamba gitaa limelia miaka mingi mahali panapouzwa pombe. Lakini ngoma nayo hupigwa palipo na pombe, wala hapana aliyesema ngoma zote zitiwe moto. Hata hivyo wazee hawa hawakukosa kabisa, na vijana wasiwacheke. Wanachokiogopa ni kijana aachaye masomo, akafuata bendi miaka kumi, kisha akarudi kwao mikono mitupu. Jambo hilo hutokea, na sababu yake yafaa itazamwe vizuri.

Morogoro, mji ulio karibu, umewahi kuwa na wapigaji wakubwa. Salum Abdallah, kiongozi wa bendi ya Cuban Marimba, alisikika katika Afrika Mashariki yote hata alipofariki mwaka 1965. Baada yake Mbaraka Mwinshehe alisimama na gitaa la solo katika Morogoro Jazz. Mwaka 1970 bendi hiyo ilifika Osaka, katika maonyesho makubwa ya dunia huko Ujapani. Mwaka 1973 alianzisha bendi yake, Super Volcano, na mwaka 1979 akafa kwa ajali ya gari huko Mombasa. Nyimbo zake zingali zikipigwa, na watu ambao hawakuzaliwa siku zile huziimba.

Basi kijana husikia sifa hizo, akatamani. Lakini jambo moja halimo katika sifa. Katika bendi nyingi za Tanzania, magitaa na vipaza sauti havikuwa mali ya wapigaji. Vilikuwa vya mwenye bendi, au vya shirika lililoiajiri. Mpigaji akigombana na mkubwa wake hutoka na vidole vyake tu. Ajuaye kutengeneza chombo, hata kama si chake, ana kazi ya pili inayomfuata popote aendapo: atakaza nyuzi za wengine, atanyosha shingo, ataunga ubao uliopasuka, naye atalipwa. Hilo ndilo jibu la kuwapa wazee, nalo lina nguvu kuliko kuwaambia kwamba zamani zao zimepita.

Ama habari ya sauti, hii ni hesabu, na mtoto wa darasa la sita aweza kuipima kwa rula. Katika magitaa mengi uzi una urefu wa yapata sentimita 65, toka kijifupa cha juu mpaka kwenye daraja. Shingoni mmepangwa vyuma vidogo. Hesabu chuma cha kumi na mbili, kisha pima: utaona kipo katikati hasa, sentimita 32 na nusu toka kila upande. Uzi ukikatwa nusu hutetemeka mara mbili zaidi, na sikio husikia sauti ileile iliyopanda ngazi nane. Mpangilio wa vyuma vingine haukubuniwa na seremala kwa macho. Chukua urefu wa uzi, ugawe kwa 17.817, hapo ndipo mahali pa chuma cha kwanza, yaani sentimita 3.65 kwa uzi wa 65. Toa hizo, ugawe tena urefu uliobaki kwa namba ileile, utapata 3.44, ndiyo nafasi ya chuma cha pili. Ndiyo maana vyuma vinazidi kukaribiana kadiri mkono unavyoshuka kifuani pa gitaa. Mafundi wa kale waligawa kwa 18, wakakosea kidogo, nao walipiga muziki vilevile. Lakini mwenye sikio kali alijua.

Nyuzi zenyewe ni sita. Ule mnene hutetemeka kama mara 82 katika sekunde moja, na ule mwembamba yapata mara 330, yaani mara nne ya mnene. Kuzilinganisha si uchawi. Bonyeza uzi wa sita, ulio mnene, kwenye chuma cha tano: sauti yake iwe sawa na uzi wa tano usiobonyezwa. Fanya vivyo hivyo kwa wa tano na wa nne, na kwa wa nne na wa tatu. Uzi wa tatu tu ndio wenye desturi yake: huo hubonyezwa kwenye chuma cha nne ili upatane na wa pili. Kisha wa pili hurudi chuma cha tano. Yule kijana wa kibarazani hakuambiwa neno hili moja, na kwa sababu hiyo uzi wake wa tatu na wa pili hugombana kila siku.

Siku hizi simu ya mkononi huweza kumwonyesha mtu kama uzi umelegea au umekazwa mno. Chombo hicho ni kizuri, lakini mwanafunzi asikitumie kabla sikio halijafunzwa. Simu ikizimika arusini, nani atasikia?

Katika kupiga, kosa la vijana ni haraka. Wataka solo ya Mbaraka kabla ya kuweza kubadili vidole mara tatu bila kusimama. Yafaa wamkumbuke Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba Kiswahili. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji uitwao sasa Likasi, akazinasa nyimbo zake. Mkono wake wa kulia ulitumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada: gumba likishika sauti nene, cha shahada kikicheza juu yake, hata msikilizaji hudhani wapo watu wawili. Vidole viwili vilivyofunzwa polepole vilisikika toka Kongo mpaka Nairobi.

Sasa habari ya kutunza, ambayo hakuna aitakaye, wala haipigiwi makofi. Nyuzi sita za chuma zikikazwa vizuri huvuta shingo kwa nguvu ya yapata kilo 70. Ni kama mtu mzima ananing'inia pale mchana na usiku, asishuke kamwe. Gitaa limeundwa kuvumilia hayo, lakini halikuundwa kuvumilia hayo pamoja na jua. Liegemeze ukutani chini ya bati, huko Kilosa, mwezi wa Oktoba, na gundi italainika, daraja litaanza kuinuka, na shingo itapinda kama upinde. Wakati wa masika ubao hunyonya maji hewani, ukavimba. Kiangazi hukauka, ukajikunja. Mahali pake ni chumba cha ndani, mbali na moto na mbali na dirisha, ndani ya mfuko wake kama upo, au ndani ya kitenge safi kama haupo.

Lipo kosa jingine ambalo limeua magitaa mengi kuliko jua. Gitaa la nyuzi za nailoni ni jepesi, na mvuto wa nyuzi zake ni kama nusu ya ule wa chuma. Nyuzi zake zikikatika, mwenyewe hutia za chuma kwa kuwa ndizo zilizopatikana dukani. Wengine hutwaa nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Siku mbili tatu gitaa hulia kwa nguvu, watu husifu. Halafu ubao wa mbele huvimba tumbo, daraja hung'oka. Hilo si gitaa lililozeeka. Limevunjwa na mwenyewe.

Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana fimbo ya chuma ndani ya shingo, nayo hukazwa au kulegezwa kwa ufunguo mdogo. Anayeigeuza aigeuze robo ya mzunguko tu, kisha angoje mpaka kesho. Asiye na subira hiyo na aiache. Tena jasho la mikono hula chuma. Kitambaa kikavu kupitishwa juu ya nyuzi baada ya kupiga ni kazi ya nusu dakika, nayo huzidisha umri wa nyuzi.

Haya yote yangewezekana sana Kilosa na Mikumi kuliko mahali pengine. Mikumi kuna chuo cha ufundi stadi cha VETA. Katika nyika za nchi hii huota mpingo, mti mweusi mgumu ambao kwa huo Wazungu huunda zumari zao za klarineti, na mafundi wengine huufanya ubao wa juu ya shingo ya gitaa. Mti hutoka Tanzania ukiwa kigogo, kisha hurudi ukiwa chombo ambacho bei yake humshinda mwalimu. Si jambo la kulilia, lakini ni ajabu kwamba nchi yenye mti huo ina watu wachache sana wawezao kusawazisha vyuma vya shingo.

Shule itakayonunua gitaa basi isinunue mawili. Inunue moja, na fedha ya la pili inunue nyuzi za akiba, ufunguo, gundi nzuri na kitambaa. Shule yenye magitaa mawili na haina nyuzi, baada ya mwaka ina mbao mbili. Nyuzi za chuma zikosekanapo Kilosa hupatikana Morogoro au Dar es Salaam, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme husimama Kilosa. Mtu wa Mikumi aweza kumwagiza dereva wa basi. Na mtoto atakayelichukua gitaa jioni alinganishe nyuzi kwanza, mbele ya wenzake, kwa sikio. Akishindwa, ampe mwingine, naye asubiri zamu yake kesho.