Nani Mwenye Mamlaka ya Kuizima Redio ya Shule?

Nilipokuwa kidato cha tatu, katika shule ya bweni ambayo sitaitaja, tulikuwa na kitu tulichokiita redio. Hakikuwa na mtambo wala masafa. Kilikuwa kipaza sauti kimoja, na wanafunzi wawili waliosoma taarifa ya habari kila Ijumaa kwenye paredi ya asubuhi. Mmoja wao nilikuwa mimi. Tulisoma habari za Umoja wa Mataifa, bei ya korosho, matokeo ya Simba na Yanga. Ijumaa moja mwenzangu akaongeza habari ambayo haikuwamo kwenye karatasi yangu: kwamba maharage ya jikoni yalikuwa na dudu kwa wiki ya tatu mfululizo, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameingia stoo akayaona magunia. Hakumtaja mtu. Jumatatu kipaza sauti kikafungiwa ofisini. Hakuna aliyesema kwamba habari ile ilikuwa ya uongo.

Nimelikumbuka tukio hilo kwa sababu kila mazungumzo juu ya redio za shule yanapoanza, huanzia kwenye bei ya vifaa. Vifaa ni tatizo jepesi. Swali zito, ambalo wadau wetu hulikwepa kwa adabu kubwa, ni nani atakayekuwa na mamlaka ya kukizima kipindi, na kwa sababu ipi.

Tuwatazame waliotutangulia katika jambo hili. Huko Portland, Marekani, shule ya ufundi ya Benson imekuwa na redio tangu mwaka 1923. Mwaka 1948 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo iliruhusu vituo vya FM vya elimu vyenye nguvu ya wati 10 tu, yaani pungufu ya taa nyingi za zamani za sebuleni, na shule nyingi zikapata mlango wa kuingilia hewani. Vijana walijifunza kuandaa kipindi, kutunza muda na kumhoji diwani bila kutetemeka.

Lakini huko huko Marekani ndiko lilikotoka somo chungu. Mwaka 1983, katika shule ya Hazelwood East jimboni Missouri, wanafunzi waliandaa toleo la gazeti lao lenye makala juu ya mimba za wanafunzi na talaka za wazazi. Mkuu wa shule akaziondoa kurasa mbili. Alikuwa na hoja, na sipendi kumkejeli: aliogopa kwamba wasichana waliohojiwa wangetambulika japo majina yao yalibadilishwa, na kwamba mzazi aliyelaumiwa hakupewa nafasi ya kujibu. Wanafunzi wakaenda mahakamani. Januari 1988 Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 3, ikampa ushindi mkuu wa shule.

Hebu zipime hoja zile mbili upya. Zote ni za uhariri. Msichana anayeweza kutambulika huondolewa yale yanayomtambulisha. Mzazi aliyelaumiwa hupigiwa simu. Mhariri yeyote makini hufanya hivyo ndani ya siku moja, na mwanafunzi anayeelekezwa kufanya hivyo amefundishwa kazi. Aliyenyofolewa kurasa amefundishwa jambo jingine kabisa.

Nasi tuliwahi kuwa na mjadala wa aina hiyo hiyo. Kuanzia Juni 2017, Rais alipotamka kwamba wasichana waliojifungua hawatarudi katika shule za serikali, hadi Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wanaweza kurudi, walizungumza mawaziri, viongozi wa dini, wanaharakati, wafadhili, na sisi wahadhiri tusiokosa la kusema. Walioketi darasani kando ya dawati lililobaki tupu hawakuwa na kipaza sauti. Sidai kwamba wangekuwa na msimamo mmoja. Nadhani wangetueleza juu ya umbali wa shule, waendesha bodaboda na vyumba vya kupanga mtaani kwa undani ambao hatukuupata kwenye makongamano.

Kwa hiyo, kabla shule haijanunua hata waya mmoja, iandike kanuni ya ukurasa mmoja. Mkuu wa shule awe na haki ya kudai ushahidi, kulinda jina la mtoto, kuhakikisha anayelaumiwa amejibu, na kukataa matusi. Haki hiyo ni halali. Leseni ya TCRA ikipatikana, yeye na shule yake ndio watakaoulizwa. Akizuia kipindi, aandike sababu, na wanafunzi waweze kuipeleka bodi ya shule. Na lugha ya redio iwe Kiswahili kwa kiasi kikubwa. Tumewaadhibu vijana kwa kuizungumza kwenye korido, kisha tunawalaumu vyuoni kwamba hawachangii hoja. Ninaowafundisha mwaka wa kwanza wana mawazo mengi. Wengi wao hunipa mlangoni, baada ya semina kwisha.

Ofisa mmoja wa elimu, mtu ninayemheshimu, aliniambia kwamba watoto watakosea. Watakosea, naam. Afadhali wakosee kwa wati 10, wakiwa na mwalimu pembeni, kuliko kwa simu zao usiku wa manane bila mhariri yeyote.

Mwenzangu wa maharage alivuliwa ukiranja. Muhula uliofuata kipaza sauti kilirudishwa, na karatasi ya habari ikawa inaandikwa na mwalimu wa zamu. Niliombwa niisome, nikakubali. Niliisoma hadi nilipomaliza kidato cha nne, kwa Kiingereza kilichosifiwa na wageni, na jikoni sikukutaja hata mara moja.