Guillain-Barré: Dozi ya pili haikuleta nafuu

Mgonjwa aingiaye hospitalini akilalamikia ganzi ya miguu huenda baada ya siku chache asiweze kusimama, na pengine asiweze kupumua bila mashine. Hayo ndiyo maradhi ya Guillain-Barré, ambamo kinga ya mwili, mara nyingi baada ya kuhara au mafua, hugeuka na kuishambulia mishipa ya fahamu. Kwa mwaka huwapata mtu 1 au 2 katika kila 100,000.

Tangu utafiti wa Uholanzi wa mwaka 1992, tiba iliyoenea ni imunoglobulini, yaani protini za kinga zinazotolewa katika damu ya maelfu ya wachangiaji na kutiwa mshipani mwa mgonjwa kwa siku 5. Lakini mmoja huinuka akatembea, na mwingine, aliyepewa dawa ile ile, hubaki kitandani.

Mwaka 2007 wataalamu wa Rotterdam walitoa kipimo cha alama kinachozingatia umri, kuhara kabla ya ugonjwa, na udhaifu wa mgonjwa baada ya wiki 2. Kwa alama hizo daktari huweza kukadiria nani hatatembea baada ya miezi 6. Mwaka 2009 ikabainika pia kwamba wale ambao imunoglobulini ilipanda kidogo tu katika damu yao walichelewa kupona. Basi waongezwe dawa, ilionekana, na baadhi ya madaktari wakafanya hivyo bila kusubiri ushahidi.

Ushahidi ulipotoka mwaka 2021 ulikwenda kinyume. Miongoni mwa wagonjwa 93 waliobashiriwa hali mbaya, dozi ya pili haikuongeza nafuu, na waliopewa walipatwa zaidi na madhara makubwa, yakiwemo ya damu kuganda mishipani. Alama zilibashiri ukali wa ugonjwa. Hazikubashiri dawa itamfaa nani. Huenda hata kule kupanda kidogo kwa protini kulikuwa dalili ya ugonjwa mkali, wala si sababu ya kutopona.

Kwa jamaa wa mgonjwa wanaochangishana fedha, iwe Mwanza au Mombasa, tofauti hiyo si ya kitaaluma tu. Mtu wa kilo 70 huhitaji gramu 140 kwa dozi moja, na dawa ni ghali mno. Nchini Bangladesh, ambako wengi hawaimudu hata dozi ya kwanza, madaktari walichapisha mwaka 2018 jaribio la wagonjwa 20 waliobadilishiwa plazima, sehemu ya majimaji ya damu, kidogo kidogo pasipo mashine. Njia hiyo ilionekana salama, ingawa jaribio dogo kiasi hicho halikuweza kuonyesha kama inaponya.