Nilikwambia Ununue Kebo Ndefu. Sikukwambia Yote

Wiki jana nilipata ujumbe kwa inboksi kutoka kwa mmoja wenu. Ni mwanafunzi, yuko atachimenti, na amekuwa akiweka doo kidogo kidogo hadi akanunua spika mbili, zile zenye ampu ndani. Akakumbuka posti yangu moja ya zamani nilipoandika, kwa mbwembwe zangu zote, kwamba ukitaka kupeleka sauti mbali ndani ya nyumba, chukua kebo yoyote yenye kichwa cha XLR, utakuwa fiti.

Akachukua. Mita 10. Upande mmoja jeki ndogo kama ya hedifoni, upande wa pili XLR. Akachomeka kwa laptopu, akajaribu spika moja kwanza, akaweka wimbo anaoujua neno kwa neno. Gitaa likasikika kwa mbali. Mwangwi ukasikika. Mwimbaji hakuja kabisa. Besi nayo ilikuwa imehama.

"Buda, mwimbaji ameenda wapi?" Hayo ndiyo maneno yake.

Alirudi dukani. Akaambiwa shida ni kwamba alichukua kebo ya bei ya chini, sasa aongeze pesa achukue ile nyingine yenye vichwa vya dhahabu, karibu mara tano ya bei. Akanitumia picha kabla ya kulipa, akitaka ushauri. Na hapa ndipo aibu yangu iko: nilikuwa tayari nimeandika "ichukue tu". Kilichoniokoa ni kwamba sikubonyeza kutuma.

Badala yake nikamuuliza dada mmoja anayesimamia mitambo ya sauti kanisani mtaani kwetu, mtu ambaye kila Jumapili hukunja kebo nyingi kuliko zile mimi nimewahi kuonyesha kwa video. Alicheka mpaka akakaa chini. "Hiyo kebo haina makosa," akaniambia. "Imefanya kazi yake vizuri sana. Nyinyi ndio mmeichomeka pahali si pake."

Kwa hivyo posti ya leo ni ya kulipa deni. Msimamo wangu ni huu: kama unataka kebo ndefu nyumbani, kinacholinda sauti yako ni vifaa viwili vilivyo kwenye ncha zake. Bei ya waya ulio katikati ni jambo dogo sana. Anayekuuzia waya ghali bila kukuuliza umechomeka nini pande zote mbili anachukua pesa zako bila kukusaidia, hata kama ni mimi.

Tuanze na shida yenyewe. Kebo ya kawaida ya RCA ina waya mmoja wa ndani na ngao inayouzunguka. Ngao hiyo inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inakinga kelele za nje, na pia ndiyo njia ya sauti kurudi. Sasa laptopu iko kwa soketi moja, spika iko kwa soketi nyingine ng'ambo ya chumba. Athi zao hazilingani sawasawa, kwa hivyo mkondo mdogo unapita kwenye ngao na kuacha alama yake ndani ya muziki. Huo ndio ule mmmmm unaousikia wimbo ukiisha. Stima yetu ina mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo huo unakaa papo hapo kwa hezi 50, na 100, na kuendelea. Kadiri kebo ya RCA inavyorefuka, ndivyo mvumo unavyopata nafasi.

Kebo ya balansi ina nyaya mbili za ndani zilizosokotwa pamoja, kisha ngao juu yake. Kwenye XLR, pini ya 2 na ya 3 hubeba sauti, pini ya 1 ni ya ngao. Kifaa kinachopokea hakisikilizi waya mmoja mmoja. Kinasikiliza tofauti kati ya hizo mbili.

Fikiria mizani ya zamani ya sokoni, ile yenye sahani mbili. Weka vikapu viwili vilivyo sawa, kimoja kila upande, halafu tia maharagwe kwenye kimoja. Mvua inyeshe. Vikapu vyote viwili vinaloa sawa, na mizani inaendelea kuonyesha kitu kile kile: maharagwe. Mvua imeingia, lakini haihesabiwi. Kelele ya stima ndiyo mvua. Inaingia kwenye nyaya zote mbili kwa usawa, na mpokeaji anaitupa.

Akili hii si ya juzi. Simu za kwanza ziliteswa na kelele za laini za jirani, na mwaka 1881 Alexander Graham Bell alipata hataza ya nyaya mbili zilizosokotwa. Zaidi ya miaka 140 baadaye, tunauziwa wazo hilo hilo kwa boksi lenye velveti.

Kuna kitu kingine nilikosea. Nilisema siri ya balansi ni sauti kupelekwa mara mbili, moja ikiwa imepinduliwa. Hiyo inaongeza nguvu ya sauti, sawa, lakini si ndiyo inayoondoa kelele. Kinachoondoa kelele ni vikapu kuwa sawa, yaani kila waya uwe na ukinzani ule ule kuelekea ardhi, kuanzia kifaa kinachotuma hadi kinachopokea. Bill Whitlock, mhandisi Mmarekani aliyekuwa wa Jensen Transformers, alieleza hili kwa miaka mingi. Vikapu visipolingana, mvua inaanza kuhesabiwa, hata kebo iwe na dhahabu kiasi gani.

Haya, mwimbaji alienda wapi?

Jeki ya hedifoni ina sehemu tatu: kushoto, kulia na ardhi. Jeki ya balansi pia ina sehemu tatu. Kwa macho zinafanana kabisa. Kebo ya yule rafiki yetu ilipeleka kushoto kwa pini ya 2 na kulia kwa pini ya 3, na spika ikafanya ilichofundishwa: ikachukua tofauti, ikatupa vilivyo sawa. Sasa, kwenye nyimbo nyingi mwimbaji huwekwa katikati, sawa kushoto na kulia. Besi vilevile. Spika ikamchukulia mwimbaji kama mvua, ikamtupa. Kilichobaki ni gitaa la pembeni na mwangwi.

Unaona? Kebo ya bei mara tano ingemtupa mwimbaji yule yule, kwa ustadi ule ule.

Swali la pili mnaloniuliza sana ni urefu: "Mita 10 si zitaharibu sauti?" Tupige hesabu kidogo, msikimbie. Kebo hujifanya kama tangi dogo la chaji, na kiasi cha pikofaradi 100 kwa mita ni cha kawaida. Mita 10 ni pikofaradi 1,000. Kifaa kinachotuma kikiwa na ukinzani wa omu 100, sauti za juu zinaanza kupungua karibu na hezi milioni 1.6. Sikio la binadamu linaishia karibu na hezi 20,000, na la mzee wako chini ya hapo. Kuna nafasi mara themanini. Kitu cha kuogopa ni kifaa chenye ukinzani mkubwa, kama baadhi ya vidhibiti sauti visivyotumia stima. Kikifika omu 10,000, kebo ile ile inaanza kula sauti karibu na hezi 16,000. Tena jibu liko kwenye ncha.

Na kumbuka maiki. Maiki ya jukwaani hutoa volti chache za elfu, na kebo yake husafiri makumi ya mita hadi kwa miksa bila mtu kulia. Laini ya vifaa vya kitaalamu ni karibu volti 1.23. Sebule yako haiwezi kuishinda kebo hiyo.

Wengine wanasema lazima kebo ya kushoto na ya kulia zilingane urefu. Zikilingana ni nadhifu, lakini si lazima. Ishara hukimbia kwenye waya karibu theluthi mbili za kasi ya mwanga. Kebo moja ikizidi nyingine kwa mita 3, itachelewa nanosekunde 15 hivi. Hiyo ni sawa na kusogeza spika kwa sehemu 5 za elfu za milimita. Ukipumua tu kichwa chako kimesogea zaidi ya hapo.

Basi ununue nini? Kwanza, soma kitabu cha kifaa. Kiwe kimeandikwa wazi kwamba matokeo yake ni ya balansi, na maingizo ya spika vilevile. Kichwa cha XLR pekee si ushahidi, na adapta ya kutoka RCA haigeuzi kitu kuwa balansi. Kuna hata vifaa vyenye XLR halali ambavyo bado huvuma kwa sababu pini ya 1 imeunganishwa na bodi ya ndani badala ya chasi. Neil Muncy aliandika juu ya kosa hilo mwaka 1995 na bado lipo.

Pili, chukua kebo ya maiki ya kawaida ya jukwaani yenye ngao ya shaba iliyosukwa. Canare, Mogami na Belden ni majina ambayo mafundi wa sauti wanayaheshimu, na Neutrik kwa vichwa, lakini hakikisha ni halisi. Zile zenye nyaya nne ndani hukinga vizuri zaidi dhidi ya transfoma na nyaya za stima. Kama njia yako inapita karibu na hizo, sawa. La sivyo, nyaya mbili zinatosha.

Tatu, chagua vichwa vinavyofunguka kwa skrubu. Siku kikikatika, fundi atalehemu, maisha yaendelee. Kabla hujalipa, omba wapime kwa mita: pini ya 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3, na zisigusane. Ni kazi ya dakika moja. Muuzaji akikataa, toka.

Nne, pima njia kwa kamba, ukizunguka mlango na kitanda, halafu ongeza mita moja. Usiilaze sambamba na waya wa stima. Zikikutana, zipishane kama msalaba.

Na kama pesa haipo? Ikiwa spika zako zina RCA, jaribu RCA ndefu ya kukopa kwanza. Kama hakuna mvumo, umemaliza, usinunue chochote. Kama ni spika zisizo na ampu, weka ampu karibu na laptopu, uvute waya mnene wa spika. Wa milimita mraba 2.5, kwa mita 10 kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu 0.14 tu, kitu kidogo mbele ya spika ya omu 8.

Lakini kuna ujanja mmoja naomba msifanye. Kuna watu wanaondoa waya wa athi kwenye plagi ya pini tatu ili kuua mvumo. Ni kweli, mvumo unaweza kwisha. Pia siku ampu ikipata hitilafu, chuma chake kinaweza kubeba volti 240, na mtu wa kwanza kukigusa ni wewe au mtoto wa jirani. Hakuna wimbo wa bei hiyo.

Sasa nijibu wale wanaosema, "Pesa ni zangu, nikipenda kebo ghali iko shida gani?" Hakuna. Kama unaipenda kwa sura yake, kama unavyopenda viatu, nunua ufurahie. Shida yangu ni pale kijana wa atachimenti anapoambiwa sikio lake au mfuko wake ndio mdogo, wakati ukweli ni kwamba hakuna aliyemuuliza jeki yake inatoka wapi. Sisi waunda maudhui tuko ndani ya mchezo huo. Kufungua boksi mbele ya kamera kunapata watu wengi kuliko kusoma kitabu cha kifaa. Najua, nimefanya yote mawili na nimeona namba.

Wakati huo huo, kila mtaa una kanisa au ukumbi wenye vijana wanaovuta kebo za mita 30 kila wiki, zikikanyagwa, zikikunjwa, na maiki bado zinasikika. Waulizeni hao kabla ya kuniuliza mimi.

Yule rafiki yetu hakununua ya dhahabu. Alitafuta kadi ya sauti ya USB iliyotumika, yenye matokeo mawili ya balansi, ikae kando ya laptopu. Ile kebo yake ya kwanza hakuitupa. Fundi alikata kile kichwa kidogo, akaweka jeki kubwa ya sehemu tatu, na kebo ya spika ya pili akaunganishiwa mpya kwa kununua waya kwa mita. Juzi usiku akanitumia sauti ya sekunde kumi, bila neno hata moja.

Mwimbaji alikuwa katikati.