Kolisi zenye hazijaandikwa ni za nani?

Kila mara wakubwa wanabadilisha namna ya kuandikisha madini, sisi tunauliza swali moja na hakuna mwenye anajibu: ile mali yenye ilikwisha kutoka mu shimo lakini haijapata etiketi, inaenda wapi? Semineri inafanyika mu hoteli, tarehe inatangazwa, mfumo mpya unasifiwa. Juu ya kolisi yenye iko chini ya kitanda, kimya.

Wazee wa Bisie, kule Walikale, wanakumbuka mwaka 2010. Mwezi wa 9, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji mu Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Siku ile kulikuwa kasiterite mu mashimo, kulikuwa ingine ku migongo ya wabebaji mu pori kuelekea Njingala, na ingine ilingoja Kilambo, pale ndege zilikuwa zinatua mu barabara. Amri haikutofautisha. Mtu alikuwa amekula deni la unga na mafuta miezi mizima akitumaini ule mzigo, kiisha kesho yake mzigo ukageuka kosa. Kizuizi kikaondolewa mwezi wa 3 mwaka 2011, lakini tarehe 1 mwezi wa 4 wanunuzi wa ngambo wakafungia mlango madini yenye hayana ushuhuda wa mahali yalitoka. Majuma matatu tu. Mwenye hakuuza alibaki na mawe, ao aliuza usiku kwa bei ya kutupa.

Masisi nako. Etiketi za iTSCi zilifika Rubaya mwaka 2014. Mwanzo wa 2019 kampuni SMB ilikuwa imetoka mule na kuingia Better Mining, lakini ku konsesyo ya jirani, ya SAKIMA, iTSCi ikaendelea. Vilima vinaangaliana, etiketi ni mbili. Na koltani yenye ilichimbwa juma la mwisho la mfumo wa zamani, ikaoshwa na kukauka wakati wa mfumo mpya, ihesabiwe ku kaye gani?

Kijana mmoja wa kwetu mwenye anasoma informatiki alitueleza kitu. Watu wa programu wanatumiaka chombo kinaitwa Git, chenye Linus Torvalds alianzisha mwaka 2005. Kazi yao iko na matawi, na mtu anatoka tawi moja anaingia lingine. Kama ameacha kazi yenye hajaiandikisha, na tawi lingine litaifuta, Git inakataa: andikisha kwanza, ao weka pembeni. Kama hazigongani, inamwacha apite nayo mukononi. Kufuta kwa nguvu inawezekana, lakini ni mwenyewe anatoa amri hiyo. Kijana akaongeza: ukiweka pembeni bila kuandika jina juu yake, kiisha mwezi unakuta mizigo mitano na haujui ipi ni ya nini. Tulicheka sana, juu hiyo ni depo zetu kabisa.

Basi masini inajua kuuliza mbele ya kufuta kazi ya mtu. Leta na makampuni wanashindwa nini?

Tunachotaka ni hiki. Mbele mfumo haujabadilishwa, maajenti wa SAEMAPE na wa Divizyo ya Madini wapite ku kila shimo, wapime kilo, waandike jina la shimo, la mukubwa wa timu na tarehe, kiisha kolisi ifungwe. Nakala moja ibaki kwa mwenye mali. Mwenye kukubali mfumo mpya aseme wazi kama atanunua hiyo stoki, na kwa bei gani. Kama hatanunua, itoke kwa njia ya zamani mpaka iishe.

Tunajua watajibu nini: mukitupatia siku za kuhesabu, wenye silaha wataingiza kolisi za kwengine. Ni kweli, tusijifiche, wako wenye watajaribu, na kati yao kuna ndugu zetu. Lakini kaye ya shimo inaonyesha kila juma linatoa kilo ngapi. Shimo lenye linatoaka kilo hamsini likileta mia tano, ajenti mwenye macho ataona. Bila kuhesabu, hakuna wa kuona chochote, na mali yote, safi na chafu, inapita njia moja ya usiku.

Leo swali ni kali zaidi. Tangu mwezi wa 4 mwaka 2024 Rubaya iko mu mikono ya M23, na mwezi wa 2 mwaka 2025 Wizara ya Madini iliweka karieri nyingi za Masisi na Kalehe mu rangi nyekundu. Siku rangi itarudi kuwa ya kijani, tutakuwa tena na mawe ya mbele na mawe ya nyuma. Koperativi zisingoje Kinshasa. Mama mwenye anauza chakula kwa deni ku karieri yuko tayari na kaye yake: jina, siku, pesa. Tuanze na hiyo, tuongeze kilo na jina la shimo.