Kisu Kinasingiziwa

Jumapili iliyopita kikoba chetu hapa Sokon I, Arusha, kilichelewa kufunga hesabu. Mwenzetu mmoja alikuwa ameambiwa hospitali kwamba uvimbe wa titi lake la kushoto ni saratani na anatakiwa afanyiwe upasuaji. Alitueleza akiwa amelishika daftari lake la hisa kwa mikono miwili. Hajamaliza, ushauri ukaanza kummiminikia kama mvua ya Aprili. Mimi nilinyamaza, maana mweka hazina hawezi kuhesabu hela huku anabishana. Leo sina hela mkononi. Nilikatwa titi la kulia miaka sita iliyopita, kwa hiyo baadhi ya haya nayajua kwa kusoma na mengine nayajua kwa kovu.

“Saratani ikiguswa na kisu inasambaa.” Hili walilisema watatu, mmoja baada ya mwingine, na nitakaa nalo kwa sababu ndilo linaloua. Wanaolisema si wajinga. Wameona: jirani alikwenda hospitali kwa miguu yake, akakatwa titi, mwaka haukuisha tukawa msibani. Lakini waulizeni alikwenda lini. Tanzania, takribani wanawake wanne kati ya watano wenye saratani ya titi hufika kutibiwa ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Hatua ya nne maana yake seli zimeshatoka titini, zimepita kwenye damu na njia za limfu, zimeweka makao kwenye mifupa, mapafu au ini. Zinaweza kukaa huko muda mrefu bila kuuma wala kuonekana. Titi linakatwa mwezi wa tatu, mgongo unaanza kuuma mwezi wa saba, na sisi tunaunganisha mambo mawili tuliyoyaona kwa macho. Ile miezi kumi na minne aliyokaa na uvimbe akipaka mafuta ya mnyonyo hakuna aliyeiona, kwa hiyo haina kesi. Ni sawa na kumshika aliyekuja na ndoo ya maji ukamwambia yeye ndiye aliyechoma nyumba.

Upasuaji wenyewe umepangwa kuzuia hicho tunachokiogopa. Daktari hauchokonoi uvimbe. Anaukata pamoja na nyama yenye afya inayouzunguka, kisha maabara ya patholojia inaangalia kingo za kile kilichotolewa, kama ni safi au kuna seli zilizobaki. Kingo zisipokuwa safi, unaweza kuitwa tena.

Na sindano ya kupima, “ile inauamsha”? Hapana. Inachota vipande vyembamba kama tambi. Bila hivyo vipande hakuna anayejua ni saratani ya aina gani, wala kama vidonge vya tamoksifeni vitafaa. Mimi vilinifaa, nikavimeza miaka mitano, na jasho lake la usiku ni hadithi ya siku nyingine.

“Mbona hata haumuumi?” Wangu nao haukuuma. Niliukuta bafuni, mkono ukiwa na sabuni, mgumu kama harage ambalo halijaiva. Saratani ya titi ikiwa changa mara nyingi haiumi, na huo ndio ujanja wake. Mwanamke asisubiri maumivu. Atazame ngozi inayobonyea kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla, au damu kwenye sidiria.

Kisha mzee wa nyumba, aliyekuwa amekaa pembeni na chai yake, akakumbushia kikombe. Wa Arusha hatuwezi kuzungumzia ugonjwa bila Loliondo kutajwa. Mwaka 2011 Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila alikaa kijijini Samunge akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi. Marehemu alifariki 2021 na sina neno baya naye. Kwa bei ile hakuna atakayemwita tapeli wa fedha. Ila haijathibitishwa kwamba kikombe kiliponya saratani, na uvimbe hausimami kukusubiri ukiwa kwenye foleni. Anayetaka kuombewa aombewe. Mimi niliombewa, na asubuhi yake nikapigwa nusu kaputi.

“Wamemwambia aanze na dripu kwanza, maana yake wameshindwa.” Hili lilimtoa machozi mwenzetu, na halina ukweli. Uvimbe ukiwa mkubwa au ukiwa umeng’ang’ania ngozi, tiba kemikali, ndiyo hiyo dripu, hutangulia ili uvimbe usinyae na upasuaji uwezekane. Ni mpango wa kawaida. Kwa sisi wa huku, mara nyingi safari ni ya hospitali ya KCMC, Moshi, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa 2016. Ukitoka asubuhi, jioni unaweza kuwa umerudi. Mfuko wa jamii wa kikoba ungeanza kwa kumlipia nauli kabla ya kumpa nasaha.

“Lazima wakate titi lote, na kifua kibaki shimo.” Hapa kuna ukweli wa zamani ambao haujafutika vichwani. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari William Halsted wa Baltimore, Marekani, alifundisha kukata titi pamoja na misuli ya kifua na tezi zote za kwapani, na dunia ikamfuata kwa miongo mingi. Wanawake wale kweli walibaki na mbavu zinazohesabika. Miaka ya 1970 Umberto Veronesi kule Milano na Bernard Fisher Marekani wakaamua kupima imani hiyo. Veronesi aliwagawa wanawake 701 wenye uvimbe mdogo: nusu wakatolewa titi lote, nusu wakatolewa sehemu yenye uvimbe tu kisha wakapigwa mionzi. Matokeo ya miaka ishirini yakatoka 2002, ya Veronesi na ya Fisher pia: walioachiwa titi waliishi sawa na waliokatwa lote.

Lakini soma vizuri hayo maneno “kisha wakapigwa mionzi”. Mionzi ni ya siku nyingi mfululizo, wiki kwa wiki. Kwa miaka mingi nchini ilipatikana hospitali ya Ocean Road peke yake, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa, ndipo baadaye Bugando ya Mwanza ikaongezeka. Mwanamke mwenye watoto wanaosoma na ng’ombe mmoja wa maziwa anapima. Nami nilipima, nikasema toeni lote. Kwa hiyo daktari akimwambia mwenzetu kwamba lote litoke, asidhani amedhulumiwa, aulize tu, “Je, naweza kubakiziwa, na mionzi nitaipata wapi?” Na hata likitoka lote, siku hizi msuli wa kifua kwa kawaida unaachwa. Changu ni bapa kama meza. Shimo hakuna.

Mkono je? “Hautabeba kitu tena.” Nusu ni kweli. Tezi za kwapani zikitolewa, mkono unaweza kuvimba, na mara nyingine uvimbe huja miaka mingi baadaye. Ndiyo maana upande huo naukinga na miiba na moto wa jikoni, na nikichanjwa natoa mkono mwingine. Lakini kuufunga kwenye khanga na kuulaza ndiko kunakoukausha. Mimi niliambiwa nipandishe vidole ukutani kama mjusi, kila siku juu kidogo, na alama za mkaa nilizochora bado zipo ukutani mwa jiko. Leo nachota maji. Mkungu wa ndizi nawaachia vijana.

Limebaki lile lililoniudhi kuliko yote: “Kutengenezewa titi jingine ni urembo wa wazungu.” Nje kidogo ya mji wetu ipo nyumba iitwayo The Plaster House, ambayo tangu 2008 inawapokea watoto wanaosubiri au kuuguza upasuaji: miguu iliyopinda, midomo ya sungura, makovu ya moto. Mtoto aliyeangukia mafigani, kiwiko kikagandana na mkono wa juu, daktari huchukua ngozi mahali pengine mwilini mwake, akaziba, mkono ukanyooka. Sijasikia mtu Sokon I akiita hiyo urembo. Kurudisha titi ni kazi ya ufundi huohuo: msuli wa mgongoni huzungushwa kuja mbele ukiwa bado na mishipa yake ya damu, au nyama na mafuta ya tumbo hupandishwa, au huwekwa mfuko wa silikoni, jambo lililoanza Houston mwaka 1962. Hakurudishi saratani, na hakumzuii daktari kuigundua ikirudi. Kikwazo chetu ni kingine: mabingwa wa upasuaji huo nchini ni wachache na gharama ni kubwa. Tudai waongezeke, badala ya kumcheka anayetamani.

Mimi sikufanyiwa. Nilishona kifuko cha kitenge nikakijaza ulezi, kwa sababu bila uzito bega hupanda upande mmoja. Tatizo ni jasho. Kufika Jumatano nilikuwa nanuka kama kilabu cha mbege. Sasa ninalo titi la kufuma kwa uzi, lililokuja kupitia Namanga. Kenya kuna akina mama wanaoyafuma. Ni jepesi, nalifua na soksi.

Kuhusu ile hofu ya mume kuondoka: wengine huondoka. Wengine walikuwa wameshaondoka, wakisubiri sababu.

Watu walipotawanyika mwenzetu alibaki. Hakuuliza swali hata moja kati ya hayo yote. Aliniomba anione. Tukaingia stoo ya mwenye nyumba, kati ya magunia ya mahindi, nikafungua vifungo. Alipitisha kidole kwenye kovu kuanzia katikati ya kifua hadi kwapani, taratibu, kama anasoma. Akauliza, “Dada, ule mrija wa kutoa maji ulikaa siku ngapi?”

“Kumi na moja.”

Akafungua daftari la hisa, ukurasa wa nyuma, akaandika.