Kuku wa Maskini Huangua

Kuna methali moja ambayo, msomaji, bila shaka umepata kuisikia kwa wazee wako. Husemwa hivi: kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Husemwa kwa sauti ya huzuni, watu wakatikisa vichwa, na shauri likaishia hapo. Mimi sikubali liishie hapo. Naziheshimu methali za lugha yetu, kwa kuwa nyingi ni hazina ya busara. Lakini methali ikigeuzwa kuwa mto wa kulalia uvivu, ni haki kuivuta chini ya kichwa cha mlalaji. Nadai kwamba kuku wa maskini hutaga, huangua na hulea sawasawa na kuku wa tajiri. Asipoangua, kosa mara nyingi si la umaskini, wala si la kuku, bali ni la mwenye kuku.

Tumtazame kwanza kuku mwenyewe. Asili yake ni misitu ya kusini-mashariki mwa Asia, ambako mwanadamu alianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita, na hamu ya kuatamia alitoka nayo huko. Majira yake yakifika, homoni iitwayo prolaktini huzidi mwilini mwake. Huacha kutaga, hutimua manyoya, na hudonoa mkono unaomkaribia. Manyoya ya tumboni hupungua, ili ngozi yenye joto iguse mayai. Basi hukaa juu ya mayai hayo siku 21. Huyapa joto la karibu nyuzi 37 na nusu za Sentigredi. Huyageuza mara nyingi usiku na mchana, ili kifaranga anayeumbika asigandamane na ganda. Kwa kawaida hutoka mara moja tu kwa siku, kwa dakika 15 au 30, akala, akanywa, akaoga vumbi, kisha akarudi mbio kazini. Hula kidogo hata akakonda. Niambie, msomaji: ni mtumishi gani wa nyumba yenu afanyaye kazi ya usiku na mchana kwa majuma matatu, bila mshahara wala siku ya mapumziko? Kuku ametimiza wajibu wake. Swali lililobaki ni kama sisi tumetimiza wetu.

Wajibu wa kwanza ni yai lenyewe. Yai lisilo na mbegu haliwi kifaranga hata likiatamiwa mwaka mzima. Na mbegu haiji bila jogoo. Jogoo mmoja mzima wa mwili atosha majike kumi hivi. Lakini tazama ni nyumba ngapi zimemchinja jogoo wake sikukuu iliyopita, kisha zikalaumu majike! Tena kuna wale wakusanyao mayai mwezi mzima, wakayarundika jikoni karibu na moto, halafu siku moja wakamwekea kuku yote pamoja. Uhai ulio ndani ya yai haungoji hivyo. Yai la kuatamiwa lisizidi siku saba. Likizidi sana, siku kumi. Liwekwe mahali pa baridi na kivuli, ncha nyembamba ikielekea chini. Lisiwe na ufa, wala lisioshwe. Ganda la yai lina matundu madogo maelfu, na juu yake pana utando mwembamba uzuiao vijidudu. Anayeliosha hufungua mlango ambao maumbile yaliufunga.

Wajibu wa pili ni kuzuia tamaa. Kuku wetu wa kienyeji, kwa mwili wake mdogo, hufunika vyema mayai kumi hadi kumi na matatu. Mtu akimwekea kumi na manane, hudhani ameongeza faida. Kumbe kuku huyahamisha mayai kila siku: lililokuwa ukingoni leo huwa katikati kesho, na la katikati huenda ukingoni. Kwa hiyo baridi haiyapati yale mayai ya ziada peke yake. Huyapata yote kwa zamu. Aliyeweka 18 aweza kupata vifaranga vichache kuliko jirani yake aliyeweka kumi. Hapo tamaa imeua, na umaskini umesingiziwa.

Wajibu wa tatu ni mahali. Koo ahitaji pembe tulivu, penye giza kidogo, pasipofika mvua, mbwa wala watoto. Mayai yote awekewe siku moja, ikiwa vyema jioni, na kila yai litiwe alama ya mkaa. Kwa nini alama? Kwa sababu kuku wengine hupenda kuja kutaga katika kiota hicho hicho. Yai lililoongezwa siku ya kumi halitaanguliwa pamoja na mengine. Vifaranga wa kwanza wakitoka, mama atawafuata, na kilichokuwa karibu kuwa kiumbe kitafia ndani ya ganda. Mwenye kutia alama huliona yai geni jioni ile ile, akaliondoa.

Wajibu wa nne ni chakula, maji na usafi. Konzi ya mtama au mahindi yaliyopondwa, na maji safi katika kigae cha mtungi, yawekwe karibu na kiota. Akivikosa, kuku hulazimika kuzurura mbali kutafuta riziki, na mayai yakapoa. Na juu ya usafi, nakusihi ulikumbuke neno utitiri. Wadudu hawa wadogo hujificha katika majani makuukuu ya kiota, na usiku humfyonza kuku damu mpaka akashindwa kuvumilia, akayakimbia mayai. Asubuhi wenye nyumba husema, "Kuku huyu hana moyo wa uzazi." Hana moyo! Mtu gani angelala usiku 21 juu ya kitanda cha kunguni? Yachome majani ya zamani, tandika jivu, kisha weka nyasi kavu mpya juu yake.

Sasa tufanye hesabu ya gharama. Jivu, nyasi kavu, kigae cha mtungi, kipande cha mkaa, pembe ya nyumba: ni kipi katika hivi ambacho maskini hana? Hakuna hata kimoja kinunuliwacho dukani. Kinachohitajiwa ni uangalifu, na uangalifu haukuwekwa katika masanduku ya matajiri.

Najua yapo majibu ya wapinzani wangu. Wa kwanza watasema kwamba babu na bibi zetu hawakujisumbua hivyo, na kuku waliangua. Nawauliza: ni nani aliyetufundisha faida ya jivu? Ni nani aliyemtengea koo pembe ya jikoni na kuwakataza watoto wasimsogelee? Ni bibi zetu hao hao. Hawakutuachia uzembe, walituachia ujuzi, nasi tumeutupa, kisha tukasema kwamba uzembe ndio mila.

Wa pili watasema kwamba dunia imeendelea, na mashine huangua mayai mengi kwa mara moja. Ni kweli, wala kazi hiyo si ngeni: Wamisri walikuwa wakiangua mayai kwa matanuri zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Afugaye kuku wa kizungu kama Leghorn, ambao hamu yao ya kuatamia ilipunguzwa kwa kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi, hana budi kutumia mashine. Lakini mashine hutaka umeme au mafuta, na moto ukizimika usiku mmoja, matumaini ya siku ishirini hupotea. Isitoshe, mashine haimwongozi kifaranga kwenye mchwa, wala haimfuniki kwa mbawa mvua ikinyesha. Mwenye kuku watatu amekwisha kupewa mashine isiyodai mafuta. Kuiharibu kwa kutoijali, kisha kutamani ya dukani, si maendeleo.

Wa tatu ni wewe mwenyewe, msomaji kijana, ikiwa moyoni unasema kwamba kazi hii ni ya wasiosoma. Hapa ndipo ninapotaka kusimama nawe ana kwa ana. Zaidi ya miaka 2300 iliyopita, mwanafalsafa Aristotle wa Uyunani alifungua mayai ya kuku ya siku mbalimbali, akaandika kwamba baada ya siku tatu moyo huonekana kama nukta ya damu inayodunda. Hakuona aibu. Wewe unayo kurunzi ambayo yeye hakuwa nayo. Usiku wa saba, toboa tundu dogo katika karatasi ngumu, shika yai penye tundu, umulike kutoka nyuma gizani. Yai lenye uhai litaonyesha doa jeusi lenye mishipa iliyotawanyika kama mizizi. Lisilo na mbegu litang'aa tupu. Liondoe hilo tupu, ili joto liende kwa yanayolistahili. Andika hesabu yako: mangapi yaliwekwa, mangapi yana mbegu, mangapi yaliharibika, mangapi yaliangua. Ukifanya hivyo umefanya sayansi, si kuisoma tu.

Lipo pia jambo la ukatili. Watu wengine wasiotaka vifaranga humtumbukiza kuku katika maji baridi, au humfunga kamba juani, ili aache kuatamia. Si lazima kumtesa. Mweke siku tatu au nne katika tundu lenye hewa, sakafu yake ikiwa ya fito zisizo na nyasi, pamoja na chakula na maji. Joto la tumboni litapungua, naye atarudi kutaga kwa wakati wake.

Siku za mwisho zikifika, muache kuku atulie. Vifaranga huanza kulia wakiwa bado ndani ya ganda, na mama huwajibu. Usiwe na haraka ya kuwabandulia ganda. Damu na kiini bado vinaingia mwilini, na mkono wa huruma uliotangulia wakati huua. Usihofu njaa pia, kwa maana kiini hicho chaweza kumlisha kifaranga siku mbili za kwanza. Baada ya hapo yawahusu wewe na mwewe: wafunike chini ya tenga majuma ya mwanzo, na uwachanje dhidi ya mdondo, kwa maana mdondo huua wengi kuliko mwewe.

Kwa nini nimeshindana kwa bidii hivi kwa ajili ya ndege mmoja? Kwa sababu katika mashamba mengi ya nchi yetu, kuku ndiye mali ya kwanza ya mama asiyemiliki ardhi, na ya mtoto asiyemiliki ng'ombe. Tuseme koo huatamia mara tatu kwa mwaka, kila mara mayai kumi. Akiangua manne kila mara, ni vifaranga 12; akiangua manane, ni 24. Kati ya hesabu hizo mbili pana daftari, sare ya shule, mayai ya mgonjwa, na heshima ya mama asiyekwenda kukopa. Na methali ile imewafundisha watoto wa maskini kuitarajia hasara kabla haijaja, na anayeitarajia hasara hafungi mlango.

Basi utakapoisikia tena, usitikise kichwa pamoja na wengine. Muulize msemaji kwa adabu: jogoo yupo? Mayai yalikuwa ya siku ngapi? Yalikuwa mangapi? Maji yalikuwa karibu? Kiota kilitiwa jivu? Asipoweza kujibu, ameliacha hilo fumbo bila kulifumbua. Wewe nenda nyumbani ukatandike jivu jioni hii.