Risasi Iyeyukayo Jikoni



Wapendwa waamini, katika jumuiya ndogondogo za huku chini ya Mlima Meru inazunguka hoja ambayo haifai kuachwa ipite bila jibu. Wasema: mtu mwenye gobore la babu yake, naye ana ufundi wa kuyeyusha risasi nyuma ya nyumba, amekosa nini? Hajamwua mtu. Chuma ni chuma, dhambi ni ya anayefyatua. Tena huko Marekani wawindaji hujitengenezea risasi nyumbani kihalali, na video zao zimo katika simu za vijana wetu.

Naipinga hoja hii, nami nitaanzia jikoni kabla ya kufika porini.

Kiswahili huiita risasi ile metali nzito ya kijivu, na kile kitokacho mtutuni hukiita risasi vilevile. Neno moja, na mauti mawili. Fundi wa nyumbani huitoa katika betri kuukuu za magari, akaiyeyusha juu ya mkaa katika sufuria chakavu. Moshi na vumbi lake havipotei hewani. Hutua juu ya nguo, vyombo, na udongo ule ule ambao mtoto hutambaa juu yake kisha akatia vidole kinywani. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo huifyonza kuliko mtu mzima, nayo huudhuru ubongo wake kwa namna isiyorekebishika. Mama mjamzito humpitishia aliye tumboni. Hata huko Marekani wenye kazi hiyo huonywa kupitisha hewa, kunawa, na kuwaweka watoto mbali. Onyo hilo ndilo la kwanza kurukwa video zinapofika kwetu.

Anayedhani natia chumvi na autazame mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Pembeni mwa makazi hayo kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu tangu 2007 hadi 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, alikuta mwanawe mchanga ana sumu ya risasi mwilini, akaanza kupigania haki ya majirani. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, hukumu ikatenguliwa katika rufaa, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Na huko Zamfara, Nigeria, familia zilisaga nyumbani mawe ya dhahabu yaliyochanganyika na risasi. Watoto zaidi ya 400 walikufa mwaka 2010, wala hakuna aliyewafyatulia bunduki.

Basi huyu asemaye hajamwua mtu, amempima damu mwanawe?

Wapo wanaojibu kwamba wao hutumia vipande vya nondo na gololi za baiskeli. Vema, wameiepuka sumu, lakini swali bado liko pale pale. Kitabu cha Mwanzo (4:22) chamtaja Tubal-Kaini, mfua vyuma, mzao wa Kaini. Maandiko hayamlaumu. Lakini tazameni aya inayofuata: Lameki, baba yake, ajisifu mbele ya wake zake kwamba ameua mtu kwa sababu ya jeraha. Mfuaji hakuulizwa chuma kitakwenda wapi, kwa kuwa mwenye kuunda risasi huamua kabla ya kuuona uso wa itakayempiga. Nguruwe pori leo. Kesho ni jirani mnayegombania naye mpaka, au kijana aliyepita shambani usiku. Sisi wa Arusha tusijifanye wageni wa mambo haya. Tarehe 5 Mei 2013, katika uzinduzi wa Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Olasiti, mbele ya Balozi wa Baba Mtakatifu, bomu lilirushwa katikati ya waamini. Watatu walifariki na makumi wakajeruhiwa. Sisemi lilitoka kwa fundi wa kijijini. Nasema tumekwisha kuona silaha iliyo nje ya udhibiti inavyofanya.

Kanisa halikatai mtu kujilinda. Lakini Katekisimu hiyohiyo, katika namba 2316, yasema utengenezaji na biashara ya silaha vyagusa manufaa ya wote, kwa hiyo mamlaka ya umma ina haki na wajibu wa kuvisimamia. Nchi yetu ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na ina Shirika la Mzinga huko Morogoro. Karakana ya uani haimo.

Hata hivyo sitawacheka wakulima wa kandokando ya Hifadhi ya Arusha. Nyati au tembo akiingia usiku mmoja, ada ya shule imekwenda. Malipo yatolewayo huitwa kifuta jasho, na aliyefiwa hupewa kifuta machozi. Majina yenyewe yakiri kwamba si fidia. Serikali inastahili kulaumiwa kwa hilo, nami nailaumu. Lakini gobore halimzuii tembo, humjeruhi tu, na tembo aliyejeruhiwa ni msiba wa kijiji kizima. Kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu husaidia zaidi, hata mizinga. Nasema ile ya nyuki.

Tena mkumbuke mlikozaliwa. Mwaka 1951 Wameru walipofukuzwa Ngarenanyuki, nyumba zao zikachomwa, hawakuyeyusha risasi. Walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Kesi hawakuishinda siku ile, lakini dunia nzima ilijua Meru ni wapi.

Mwenye gobore au risasi za uani na azisalimishe polisi kupitia viongozi wa kijiji. Anayeogopa kwenda peke yake, aje ofisini kwa paroko twende pamoja. Waliokwisha kuyeyusha betri nyumbani, wapelekeni watoto hospitali, nanyi mwelezeni daktari waziwazi kilichoyeyushwa. Tumbo kuuma, upungufu wa damu na uzito wa kujifunza hufanana mno na minyoo na malaria, naye hataitafuta risasi asipoambiwa.